Nilihitaji Moto Mmoja

Wapo walioniandikia kunipongeza kwa kupata kiti cha ofisini. Nawashukuru. Barua zenu nimeziweka pazuri, maana mkimaliza kusoma ya leo huenda mkazitaka zirudi.

Kwa anayenikuta njiani: mimi ni Vaimoana Havili, watu hunifupisha Vai. Mume wangu Manase yuko Melbourne na mwalimu wa kwaya. Bega langu la kulia liliharibika baada ya miaka kumi na tisa ya kupanga matunda ya kiwi kwenye maboksi, hapa Te Puke. Wiki iliyopita niliwaeleza jinsi meneja wetu, Rowena, badala ya kunirudisha nyumbani, alivyonipa meza, kompyuta, na kazi ambayo kiwandani hakuna aliyeijua, mimi nikiwa wa kwanza.

Kazi hiyo ndiyo ninayoikiri leo. Mchungaji wangu bado hajaisikia.

Rowena alikuwa ametoka semina Auckland. Alirudi na boksi la madodoso na uso wa mtu aliyeokoka.

"Vai, unajua kwa nini timu zetu zinagombana?"

"Kwa sababu kusimama masaa kumi na moja si mchezo."

"Kwa sababu hatujui watu wetu ni watu wa namna gani."

Mimi nilikuwa najua. Nilijua nani anakoroma, nani anaficha chumvi, nani hasemi na binamu yake tangu mazishi ya mwaka juzi. Lakini sikuulizwa mimi. Liliulizwa dodoso.

Dodoso lilikuwa na sentensi sitini. Unasoma sentensi, unazungushia namba: moja kama unaikataa kabisa, tano kama unaikubali kabisa. Mwisho alama zinajumlishwa, na mtu anatoka akiwa mmoja wa aina nne. Moto ni yule anayesema na kusukuma mambo. Nanga ni mtulivu, haondoki mahali pake. Daraja anapatanisha. Jicho anaona makosa. Timu ya watu wanane iwe na wawili wa kila aina, na hapo, kwa maneno ya Rowena, matunda yatajipanga yenyewe.

Tulianza na wanaume arobaini wa msimu waliotoka kwetu Tonga, timu tano kamili. Kujumlisha alama ilikuwa kazi yangu.

Si kazi nyepesi kama mnavyodhani. Sentensi nyingine zimegeuzwa makusudi: aliyeandika tano unampa moja, aliyeandika moja unampa tano. Nyingine ni mitego ya kunasa uongo. Ukikubali kwamba hujawahi kumkasirikia mtu yeyote, dodoso linakuandika muongo, na majibu yako yote yanatiliwa shaka.

Wanaume waliketi kantini, wamenyooka kama wako ibadani. Nikawaeleza kwa Kitonga, "Hakuna jibu sahihi. Jibuni mlivyo."

Walimaliza kabla chai haijapoa.

Nikaketi kujumlisha. Karatasi ya kwanza, tano zote sitini. Ya pili, tano zote sitini. "Napenda kufanya kazi peke yangu": tano. "Napenda kufanya kazi na wenzangu": tano. "Sijawahi kumkasirikia mtu": tano. "Mimi hukasirika haraka": tano.

Karatasi arobaini, tano elfu mbili na mia nne. Kompyuta ikawapaka wote rangi nyekundu na kuandika neno moja: Hawapangiki.

Nikamfuata Feleti. Huyu ni kaka mkubwa wa Manase. Ana miaka hamsini na tatu, mzee wa kanisa, na ulikuwa msimu wake wa saba. Tangu mdogo wake aniache, Feleti hakuweza kunitazama usoni. Aliniletea magimbi kila Jumamosi, kana kwamba ndiye aliyenikosea. Ni mtu aliyewahi kupitishwa kituo chake na basi, akanyamaza asimsumbue dereva, akashuka mji wa mbele na kurudi kwa miguu kilomita tisa. Dereva ndiye aliyetusimulia, kwa sababu alimuona njiani wakati anarudi, akasimama, na Feleti akamwambia anapenda kutembea.

"Shemeji, mbona wote mmeandika tano?" nikamuuliza.

"Tano si ndiyo nyingi?"

"Ni nyingi, lakini lilikuwa swali."

"Shemeji," akasema kwa upole, "mtu amekukaribisha kwake, amekupa kazi, halafu anakuuliza kama chakula ni kitamu. Utampa mbili?"

Nikayapeleka hayo kwa Rowena.

"Hakuna tatizo," akasema. Waliofanya kazi na Rowena wanajua kwamba hapo ndipo tatizo linapoanza. "Ila asiyepangika siwezi kumweka kwenye timu. Na asiye na timu siwezi kumwita msimu ujao. Si mimi, Vai. Ni mfumo."

"Wote arobaini?"

"Wape nafasi ya pili. Ijumaa. Jumatatu saa mbili asubuhi majibu yanakwenda Auckland."

Ijumaa wakajaza tena. Safari hii walikawia kidogo, nikapata matumaini. Nikafungua karatasi ya kwanza.

Tatu zote sitini.

Feleti alikuwa amewaambia kwamba tano hazitakiwi. "Tatu haimuudhi mtu," akanieleza, na alidhani amenisaidia.

Basi ikafika Jumapili.

Kwetu Jumapili hata nyasi hazikatwi. Unakwenda kanisani, unakula mpaka unashindwa kusimama, unalala, unarudi kanisani. Siku hiyo nilisema kichwa kinaniuma. Wakati nyumba za jirani zote zimelala kwa shibe, mimi niliketi mezani jikoni na madodoso arobaini matupu, penseli mbili, na kalamu za rangi tatu ili miandiko isifanane.

Nikayajaza yote.

Sikubahatisha, naomba hilo mlielewe. Nilimjua kila mmoja. Semisi, anayekagua kamba za viatu vya wenzake kabla hawajapanda gari, nilimfanya Jicho. Saia, aliyewapatanisha wapishi wawili kwa kuwachekesha mpaka wakasahau ugomvi ulianzia wapi, nikamfanya Daraja. Wale binamu wawili wasiosemeshana niliwatupa timu mbili tofauti, kila mmoja mwisho wake wa jengo. Niliwaza, nikazungushia, nikajumlisha. Mitego ya uongo nikairuka vizuri: kila mtu nilimpa hasira kidogo na uvivu kidogo, kama binadamu.

Na nilijisikia vizuri. Katika yote ninayoyakiri, hilo ndilo linalonitia aibu zaidi. Miaka kumi na tisa nimekuwa nikiambiwa nisimame wapi, na Jumapili moja nikawasimamisha wanaume arobaini nilipotaka.

Jioni nikahesabu. Nanga kumi. Daraja kumi. Jicho kumi. Moto tisa. Karatasi moja imebaki.

Karatasi ya Feleti.

Nilimwacha mwisho kwa sababu niliona huyu hana shida, atakaa popote. Kila anayemjua angemwita Nanga. Lakini Nanga walikwisha kujaa, na kuhamisha mmoja ni kufuta na kuanza upya timu mbili, na kengele ya ibada ya jioni ilikuwa inakaribia.

Nilihitaji Moto mmoja.

"Nikiona jambo haliko sawa, nasema hapohapo." Tano. "Siogopi kumpinga mkubwa wangu." Tano. "Napenda mabishano." Tano. Nilizungusha haraka haraka, bila hata kumfikiria, nikaenda kuimba nyimbo za jioni pamoja naye. Alisimama nyuma yangu. Ana sauti nzito, nzuri.

Jumatatu Auckland wakajibu: arobaini kati ya arobaini wanapangika. Rowena aliniletea keki.

Na timu zikafanya kazi, ndugu zangu. Hilo ndilo lililoniponza. Wiki ya kwanza maboksi yaliongezeka, wiki ya pili yakaongezeka zaidi, na watu wakaacha kununiana. Rowena alipita akisema dodoso ni la ajabu, dodoso linaona ndani ya mtu. Mimi nilikula keki.

Kisha zikaja kadi. Kila mfanyakazi alipewa kadi yenye jina lake, aina yake, na maneno machache ya kumweleza yeye ni nani. Nilikuwa nimewaza kila kitu isipokuwa kadi.

Feleti alikuja ofisini amevua kofia.

"Shemeji, nisamehe kukusumbua. Ni hii kadi."

"Ina nini?"

"Inasema mimi ni Moto." Akaisoma polepole, alikuwa ameshaikariri. "Inasema mimi ni mtu nisiyenyamaza mbele ya kosa. Inasema wenzangu wanahitaji sauti yangu."

"Eeh."

"Mimi niliandika tano zote, halafu tatu zote. Wameyatoa wapi haya?"

Hapo palikuwa mahali pa kusema. Mlango ulikuwa umefungwa, tulikuwa wawili.

"Wataalamu wa Auckland wamesoma sana, shemeji," nikasema. "Wanajua kusoma hata mtu aliyejificha."

Akaitazama kadi tena. "Nimeiombea siku tatu," akasema. "Mke wangu nimemsomea kwenye simu. Amecheka mpaka simu ikamdondoka. Halafu akaiokota, akaniambia, 'Labda.'"

Akaitia kadi mfuko wa shati, akaufunga kifungo, akavaa kofia.

Alianza na glavu. Wanaume wa chumba cha baridi walikuwa wanapewa glavu zilizolowa, asubuhi barafu ikiwa bado iko kwenye majani. Miaka saba Feleti alizivaa hivyo hivyo. Jumanne ile alimwendea msimamizi, akasema hazivaliki. Nilimuona kupitia kioo. Mikono aliiweka nyuma.

Glavu kavu zikaja siku hiyo hiyo.

Aliyeshangaa kuliko wote ni Feleti. Nadhani alitarajia paa liporomoke. Baada ya hapo akasema kuhusu muda wa chai. Akasema kuhusu mlango wa dharura uliozibwa na maboksi. Hakupandisha sauti hata mara moja. Alisema, akasubiri, na kama hawakufanya, akasema tena kesho yake saa ile ile.

Msimamizi akaanza kuzunguka njia ya mbali ili asikutane naye.

Halafu ikaja siku ya mkanda. Meli ilikuwa inasubiri bandarini Tauranga, na kiwanda kizima kilikuwa mbio. Kinga ya chuma inayofunika rola za mkanda wa matunda namba mbili ilikuwa imetolewa kwa ajili ya usafi na haikurudishwa, kwa kuwa kuirudisha kunapoteza dakika kumi. Wiki iliyotangulia rola zile zilimvuta msichana mmoja mkono wa sweta. Sweta lilichanika, ndiyo maana yeye hakuchanika. Wote tulijua. Mimi pia nilijua.

Niliyagundua mambo kwa ukimya. Mashine zinapovuma siku nzima, zikinyamaza unasikia mpaka kwenye meno. Nikatoka ofisini.

Feleti alikuwa amebonyeza kitufe chekundu, naye amesimama mbele yake. Watu mia mbili wamegeuka wanamtazama. Msimamizi anapiga kelele na kuonyesha saa yake.

"Kinga irudi," Feleti akasema kwa Kiingereza.

"Ondoka hapo, mzee. Meli inasubiri."

"Kinga irudi."

"Nani kakupa ruhusa ya kuzima?"

"Kinga irudi."

Maneno mengine ya Kiingereza yalikuwa yamemtoka kichwani, aliniambia baadaye. Yalibaki hayo mawili, akayatumia. Dakika ishirini na tano. Kinga ikaletwa, ikafungwa, Feleti akasogea pembeni na kuomba radhi kwa kila mtu aliyepita karibu yake.

Rowena alimpigapiga mgongoni. "Hakuna tatizo, Feleti. Hakuna tatizo kabisa. Tunapenda watu wanaosema."

Kisha akaniita ofisini kwake, akafunga mlango.

"Nitolee dodoso lake."

Nikalitoa. Akashusha kidole mpaka chini.

"Moto, sabini na mbili kati ya sabini na tano. Vai, ukurasa wa arobaini na moja wa kitabu cha maelekezo umeusoma?"

Sikuwa nimeufikia.

"Auckland hutazama aina tu, alama tunazipima sisi. Moto akizidi sabini, anaunguza timu. Hapangiki. Anatolewa kwenye orodha ya kurudi."

"Kwa hiyo anatolewa kwa kuzima mkanda."

Rowena aliumia kweli. "Hapana, jamani. Sisi si watu wa hivyo. Mkanda alifanya vizuri kuuzima, nimemwambia mbele ya watu. Ni alama zake."

"Labda hakuelewa maswali."

"Nimeliwaza hilo. Ndiyo maana Bwana Pryor anakuja kutoka Auckland Alhamisi, yule mwenye dodoso lake. Atamuuliza mwenyewe kama majibu ni yake. Yakiwa yake, tumemaliza. Yasipokuwa yake..." Akageuka kuitazama rafu yenye madodoso arobaini. "Itabidi yote yakaguliwe, na tumtafute aliyeyajaza. Lakini hilo haliwezekani, si ndiyo?"

"Haliwezekani," nikasema.

Jumatano baada ya kazi nilikwenda hosteli ya wanaume. Kwenye jiko la nje walikuwa wanachemsha mbavu za kondoo. Feleti alikuwa kwenye benchi anamenya magimbi. Aliponiona alichagua makubwa mawili na kuyaweka kando, yangu.

Nikakaa. Nikasema kabla sijaogopa zaidi.

"Shemeji, ile kadi si yako."

"Ina jina langu."

"Jina ni lako. Majibu ni yangu. Nilijaza mimi, ya wote arobaini."

Aliendelea kumenya. "Lini?"

"Ile Jumapili niliyosema kichwa kinaniuma."

"Jumapili," akarudia, na niliona kwamba hilo lilimuuma kuliko uongo wenyewe. Akamaliza gimbi, akachukua jingine. "Na kwangu uliona nini, mpaka ukaandika Moto?"

Ningeweza kudanganya. Nilikuwa nimepata mazoezi mazuri mwezi huo.

"Sikuona kitu. Nafasi zilikuwa zimejaa, nilihitaji Moto mmoja, ukabaki wewe. Na nilijua hata nikikuweka pasipo pako hutalalamika."

Hapo akaweka kisu chini.

Mimi nilizoea kutukanwa na Manase, nilijua namna ya kukaa mtu akipiga kelele. Sikujua namna ya kukaa na mtu anayeweka kisu chini taratibu. Alifungua kifungo cha mfuko wa shati, akagusa kadi bila kuitoa, akafunga tena.

"Kwa hiyo hakuna aliyeona kitu," akasema.

"Hakuna, shemeji."

"Ile kinga ya mkanda. Ilikuwepo au haikuwepo?"

"Haikuwepo."

"Basi," akasema, na akachukua kisu.

Nikamweleza yaliyobaki. Kuhusu sabini. Kuhusu Bwana Pryor. Kwamba akisema majibu ni yake, msimu ujao harudi. Akisema si yake, mimi natoka, na wenzake thelathini na tisa wanarudi kuwa wekundu.

"Nusu ya paa langu bado ni turubai tangu kimbunga," akasema, kama mtu anayetaja siku ya juma.

"Asubuhi nitakwenda kwa Rowena, nikiri."

"Ukikiri, hawa watapona?" Alionyesha kwa kisu wale waliozunguka sufuria. Semisi alikuwa anakagua kama gesi imefungwa vizuri.

"Hawata... hapana. Hawatapona."

"Basi kwa Rowena usikiri. Kiri kwa Mungu, yeye hana orodha ya msimu."

"Na wewe kesho utamjibu nini Bwana Pryor?"

"Nitamjibu atakachouliza."

Sikupata zaidi ya hapo. Nilirudi nyumbani na magimbi yangu mawili.

Alhamisi Rowena aliniita chumba cha mikutano. Sikuitwa kama mshitakiwa. Niliitwa nitafsiri, kwa kuwa Kiingereza cha Feleti ni kifupi.

Bwana Pryor alikuwa mrefu, mpole, amevaa viatu vyembamba ambavyo tope letu lilikuwa limeshavimaliza. Feleti aliingia amejifunga kiunoni mkeka wa heshima, desturi yetu Tonga, juu ya nguo za kazi, kama mtu anayekwenda kuzika au kuposa. Akaketi karibu yangu, bega kwa bega. Akaomba kimoyomoyo, nasi tukasubiri amalize.

Bwana Pryor akasukuma dodoso mbele yake. "Muulize kama haya aliyajibu mwenyewe."

Nilitafsiri neno kwa neno. Kulikuwa na njia kumi za kulipindisha swali lile, na mimi nilizijua zote kumi. Nilitafsiri kama lilivyo.

Feleti aliisogeza karatasi kando. Alipojibu alijibu kwa Kiingereza, polepole, bila kunigeukia.

"Wakati ule nilijibu kama mgeni. Naomba nijaze tena. Hapahapa, mbele yenu."

Bwana Pryor alifurahi. Alisema miaka yote ya kazi yake hajawahi kukutana na mtu anayeomba dodoso la pili. Rowena alitazama saa. Karatasi mpya ikatolewa.

Alijaza dakika hamsini. Neno asilolijua aliniuliza, nikamwambia maana yake na si zaidi. Kwenye "Sijawahi kumkasirikia mtu" alisimama. Akazungushia moja, akasema kwa sauti ndogo, "Manase," akaendelea na sentensi iliyofuata. Mara mbili alifuta na kuandika upya. Kwenye "Nikiona jambo haliko sawa, nasema hapohapo" hakusimama kabisa.

Alipomaliza hakumpa Bwana Pryor. Aliisogeza kwangu.

"Ni kazi yake," akawaambia.

Nikachukua penseli. Nanga, hamsini na nane. Daraja, hamsini na moja. Jicho, arobaini na sita. Nikageuza zinazogeuzwa, nikajumlisha Moto, nikaandika jumla pembeni.

Nikajumlisha tena kutoka chini kwenda juu.

Sabini na moja.

Sikuwa nimeigusa. Kila duara lilikuwa lake, na penseli alikuwa ameikandamiza mpaka nyuma ya karatasi kumefanya matuta. Jumapili moja nilikuwa nimewabadilisha watu arobaini kwa kalamu tatu za rangi, na sasa mtu mmoja alikuwa amejiandika mwenyewe, kwa ukweli, na ukweli ulikuwa umezidi kwa alama moja.

"Soma kama ilivyo, shemeji," Feleti akaniambia kwa Kitonga. Alikuwa ameiona.

"Anasemaje?" Rowena akauliza.

"Anasema amechoka kidogo."

"Pole yake. Ngapi, Vai?"

Bwana Pryor alikuwa ameshika kalamu juu ya daftari lake, ananisubiri. Dole gumba langu lilikuwa limefunika pembeni ya karatasi.

"Sitini na nane," nikasema.

Bwana Pryor akaandika sitini na nane. Rowena akashusha pumzi, sikujua ni ya nafuu au ya kukosa alichotaka. Na mimi nikakumbuka kwamba Feleti, kwa ufupi wote wa Kiingereza chake, namba anazijua mpaka mia, maana kazi yetu ni kuhesabu maboksi.

Akauweka sawa mkeka kiunoni, akainuka, na akamgeukia Bwana Pryor ili aseme, hapohapo.